Umri wa Komeo

Alhamisi saa nne asubuhi, fundi wa vyuma aliambiwa kwamba amemdanganyia binti yake umri, na aliyekuja kumwambia alikuwa msusi.

Msusi huyo ndiye kocha wa timu ya wasichana. Alikuwa amemwacha mteja kitini na nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akaja na kitana chake mkononi. Alisimama mbali kidogo na cheche mpaka fundi alipozima mashine ya kuchomea na kuinua kinyago.

"Baba Komeo, salamu nitakupa siku nyingine. Leo nimekuja na shari."

"Shari gani tena, mama, hata chai sijanywa?"

"Tumekatiwa rufaa. Wale tunaocheza nao Jumamosi wanasema Komeo ana miaka kumi na sita."

Fundi alicheka. Alicheka kidogo mno, na msusi, ambaye kazi yake ni kusikiliza watu siku nzima wakisimulia mambo yao huku hawamwoni usoni, akaisikia kasoro ya kicheko kile.

"Nahodha wao anasoma darasa moja na mwanao. Ameona daftari la mwalimu, limeandikwa kwa wino. Kumi na sita na miezi miwili. Na ligi yetu mwisho kumi na tano. Sasa nakuuliza baba, sisi ni watu wazima. Mmemkata umri?"

Kukata umri halikuwa jambo geni. Katika ligi za wanaume kulikuwa na winga mmoja ambaye kila msimu alizidi kuwa mdogo, mpaka watu wakamtania kwamba mwakani ataletwa uwanjani akiwa amebebwa mgongoni. Ila ligi ya wasichana ilijiwekea sharti lake: mchezaji mmoja wa uongo, timu nzima inafutwa. Wasichana kumi na wanne, waliozoa takataka kwa koleo miezi mitatu ili jaa la mtaa liwe uwanja, wangerudi kukaa vibarazani.

"Sijakata," fundi alisema.

"Unaapa?"

"Naapa. Mtoto ana kumi na minne na miezi mitano."

"Basi hakuna neno. Jumamosi saa mbili uje na cheti chake cha kuzaliwa. Kesi inasikilizwa kwenye duara, kabla ya mechi."

Msusi akaondoka mbio kumrudia mteja wake. Fundi alishusha kinyago, akawasha mashine, akachoma bawaba upande usiokuwa wake. Geti zima likawa linafungukia ukutani, na ilimbidi alivunje aanze upya.

Maana fundi hakuwa amekata umri. Alikuwa ameuongeza, na kosa hilo hata jina halina.

*

Mkewe alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na mchana huo alikuwa uani, mikono imezama povu hadi viwiko. Fundi alimsimulia akiwa amesimama. Mama hakuacha kufua mpaka aliposikia neno cheti.

"Sikukwambia?" alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikwambia tangu siku ile ya shule."

"Sasa ni saa ya kukumbushana?"

"Ni saa ya kusema. Nenda Jumamosi ukaseme."

"Niseme nini mbele ya watoto?"

"Kwamba cheti kile si chake."

Ukweli wa nyumba ile ulijulikana na watu wawili tu. Walikuwa na binti kabla ya huyu. Aliishi mwaka mmoja na miezi minne, akachukuliwa na homa ya siku tatu. Miezi mitano baadaye akazaliwa huyu wa sasa. Fundi alimbeba mchanga huyo hadi ofisi ya vizazi na vifo akiwa na kazi mbili, ya kumwandikisha mmoja na ya kumfuta mwingine. Karani wa siku hiyo, mtu mwenye haraka zake, akamuuliza, "Tuanze na lipi, kizazi au kifo?" Fundi akajibu kwamba amesahau kitu nje. Akatoka na mtoto wake begani, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Foleni hiyo ikadumu miaka kumi na minne. Mtoto alipofika umri wa shule, mwalimu mkuu alisema bila cheti hapokelewi, na nyumbani kilikuwepo kimoja. Fundi akakichukua hichohicho. Mtoto akaingia darasa la kwanza kwa jina la marehemu dada yake na tarehe ya marehemu dada yake. Walikuwa wamekwisha kuhamia mtaa huu, kwa hiyo hata majirani hawakuwa na la kusema. Nyumbani jina lile halikutamkwa, wala mtoto hakupewa jingine. Mama alimwita "mwanangu," baba akamwita "mama," kama wababa wengi wanavyowaita binti zao, na wenzake uwanjani wakamwita Komeo kwa sababu akisimama golini mlango umefungwa. Kuhusu tarehe aliambiwa kwamba watu wa ofisini walikosea. Kuhusu dada hakuambiwa lolote.

"Mwambie wewe kwanza, leo," fundi alisema. "Wewe ndiye mama."

"Na wewe ndiye uliyeshindwa na foleni."

Fundi akachukua ndoo ya maji machafu akaenda kuimwaga, ingawa ilikuwa haijajaa.

Na si timu tu. Baada ya fainali, shule moja ya michezo ingechagua wasichana wanne, walale hukohuko, wasome na kucheza, wazazi wasidaiwe kitu. Watu wa shule hiyo walikuwa wamekuja mara mbili, wakakaa kwenye matofali nyuma ya goli la Komeo na si goli jingine. Fundi, ambaye mwanzoni alikataza mambo ya mpira akisema msichana anayejirusha kwenye vumbi atapata mchumba wa aina gani, ndiye aliyekuja kuyachomelea magoli yote mawili kwa mabomba yake mwenyewe. Alikuwa anaona mlango mmoja tu wa binti yake kutokea, nao ni ule. Fundi wa milango hakosei katika hilo.

*

Ijumaa aliamka mapema, akavaa shati la harusi za watu, akaenda ofisini.

Foleni safari hii ilikuwa fupi, watu sita. Ingekuwa ndefu angeshukuru. Karani alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye shali mabegani, kwa sababu feni ilikuwa inampiga yeye peke yake.

"Nataka kurekebisha tarehe," fundi alisema, akapitisha cheti chini ya kioo.

Karani akakisoma mbele na nyuma. "Kina kosa gani? Huyu hakuzaliwa siku hii?"

"Alizaliwa."

"Basi tarehe ni sahihi."

"Ni sahihi. Ila si yeye."

"Si yeye nani?"

Nyuma yake mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka puani.

"Anayekitumia si mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Paza sauti, baba, kioo hiki kinene. Mwenye cheti yuko wapi?"

Ni pale pale alipokwama miaka kumi na minne iliyopita. Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, dogo tu, watu hulisema kila siku hata kwa kuku. Halikutoka.

"Hayupo," alisema.

"Amesafiri?"

Naye, mtu mzima mwenye ndevu, akaitikia kwa kichwa.

"Haya, akirudi aje yeye mwenyewe," karani alisema. "Anayefuata!"

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, aliketi mtu ambaye watu walimwita Bwana Muhuri. Alikuwa na meza ya kukunja, na masikio yaliyofika hadi dirishani.

"Nimekusikia, fundi. Wale wanataka historia. Wewe shida yako ni tarehe tu."

"Tarehe ya kweli," fundi alisema. "Sidanganyi. Nataka iandikwe ile ya kweli."

"Nani amesema unadanganya? Mimi naandika chochote, hata ukweli." Alimtazama mikono. "Una kazi nzuri wewe. Nyumbani kwangu dirisha moja halina nondo."

Walikubaliana dirisha. Alasiri fundi alikuwa na cheti kipya, kizuri kuliko kile cha zamani, chenye siku aliyozaliwa binti yake kwelikweli. Njia nzima alijisemea kwamba kila neno lililomo ndani ni la haki. Cha uongo kilikuwa muhuri tu.

Komeo alikuwa mlangoni anashona glavu yake iliyofumuka kwenye dole gumba. Alinawa mikono ndipo akakishika cheti, akakisoma, akakigeuza.

"Mbona kipya hivi, baba?"

"Wamekibadilisha."

"Kwa siku moja? Mama wa jirani alifuatilia cha mwanawe tangu mvua zile mpaka hizi."

"Nilipata mtu."

Msichana alikirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, na adabu hiyo ilimchoma baba yake kuliko maswali.

"Baba, sisi kwetu hakuna refa, unajua. Ukimchezea mwenzako rafu unanyoosha mkono mwenyewe, mpira unasimama. Nikikuuliza kama hiki kimetoka ofisini, utanyoosha?"

"Kesho una mechi, mama. Malizia glavu yako."

Jikoni, mama aliacha kukoroga sufuria. Alingoja kusikia kama mumewe atasema zaidi. Akasikia mlango wa chumbani ukifungwa.

*

Duara la Jumamosi lilikuwa kubwa. Kwa kawaida wazazi hawaji. Siku hiyo walikuja hata wasiokuwa na watoto. Wasichana wa timu mbili waliketi chini kuzunguka kati ya uwanja, wazazi wamesimama nyuma yao. Utaratibu ulikuwa mmoja: anayeshika mpira ndiye anayesema, awe mtoto awe mtu mzima, na mwenye swali anaomba mpira. Waamuzi walikuwa manahodha wawili wa timu zilizokwisha kutolewa. Mmoja alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, na hakuwa na umri wa kutosha hata kutumwa sokoni peke yake, lakini alivyowatazama watu wazima, watu wazima walirekebisha kola zao.

Wa kwanza kusema alikuwa nahodha wa wapinzani, msichana mrefu aliyeitwa Rula.

"Mimi na Komeo hatuna ugomvi," alisema, mpira umebanwa kwapani. "Ila mwaka jana dada yangu alitolewa kwenye timu yetu kwa kuzidi wiki tatu. Wiki tatu tu. Alilia mpaka akatapika. Hatukumficha. Sasa kama ni sheria, iwe ya kila mtu."

Hakuna aliyemzomea, maana hakuna aliyeona kosa lake.

Msusi akapewa mpira, akasema cheti kipo, akakitoa kwenye bahasha aliyopewa na fundi, akampa mwenye miwani. Msichana yule akakisoma polepole, kisha akapitisha kidole juu ya muhuri. Kidole kikawa cha buluu.

"Muhuri huu bado mbichi," alisema.

Watu waliangua kicheko, wengine wakapiga makofi. Msusi aligeuka kumtazama fundi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Fundi alitazama viatu. Alitamani ardhi ipasuke, ila ardhi ile ilikuwa jaa lililoshindiliwa vizuri na wasichana wale wale, isingepasuka.

"Naomba mpira," Komeo alisema.

Akasimama nao katikati, glavu mikononi, moja imeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Nina miaka kumi na minne. Najua kwa sababu mama ameniambia. Kwa nini cheti cha shule kinasema vingine, sijui, niliambiwa walikosea ofisini. Hiki kipya kililetwa nyumbani jana na sikukiamini. Ningeweza kumwambia kocha jana hiyohiyo. Sikumwambia kwa sababu aliyekileta ni baba yangu." Akanyoosha mkono juu, kama wanavyonyoosha mtu akicheza rafu. "Kwa hiyo nanyoosha. Nitoeni mimi. Timu muiache."

Golikipa wa akiba akaanza kulia. Na fundi, aliyekuwa amejipanga kusema kwamba Bwana Muhuri amemtapeli, na maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu alfajiri, aliona mkono ule wa mtoto umesimama hewani peke yake kwa kosa lisilo lake. Alijichukia. Alipita katikati ya watu waliokaa, akakanyaga mguu wa mtu, akaomba radhi, akasimama mbele ya binti yake.

"Nipe mpira, mama."

Komeo alimpa.

"Cheti hiki nimetengenezewa," fundi alisema. "Nimelipa dirisha. Mtoto hakujua, kocha wake hakujua. Tarehe iliyomo ni ya kweli, lakini karatasi ni ya uongo. Kile cha shuleni karatasi yake ni ya kweli." Aliuzungusha mpira mikononi kama anatafuta mahali pa kuushikia. "Ila si chake. Ni cha dada yake. Alikuwepo dada yake. Alikufa."

Kumbe neno linatoka. Lilitoka, na anga halikuanguka.

Rula aliinua kidole kuomba mpira. Fundi akampa.

"Kwa nini hukwenda ofisini kusema?" Rula aliuliza, kisha akamrudishia.

"Nilikwenda. Mara mbili. Nilishindwa kusema kwamba amekufa. Hata jana. Karani aliniuliza kama amesafiri, nikakubali. Nilikuwa..." Akafuta uso kwa kiganja chenye makovu ya cheche. "Nikisema pale, anaandika. Akiandika, basi. Kwenye cheti alikuwa bado anakua. Amefika darasa la nane."

Mama Komeo, huko nyuma, alijifunika uso kwa kanga. Wanawake wawili walimshika mikono bila kumuuliza kitu.

Fundi alimgeukia binti yake. Komeo alikuwa anavua glavu, kidole kimoja baada ya kingine, macho makavu, hamtazami.

Waamuzi walikwenda nyuma ya goli kushauriana. Walikaa huko muda ambao maji ya chai yangechemka. Waliporudi, mwenye miwani ndiye aliyeshika mpira.

"Komeo leo hachezi. Hatujaona karatasi ya ofisi yenye tarehe yake. Mkiileta kufikia Ijumaa, hata ikiwa ni ya kuonyesha tu kwamba mmeandikisha, atacheza fainali kama timu yake itafika. Timu haifutwi, maana mchezaji amenyoosha mwenyewe." Akarekebisha miwani. "Halafu baba Komeo. Ameleta karatasi ya uongo uwanjani. Haingii hapa mpaka ligi iishe."

Wazee walipiga kelele. Mwuza mkaa mmoja akasema kwa nguvu, bila mpira, "Nyinyi watoto! Huyu ndiye aliyetengeneza hayo magoli!"

"Tunamshukuru kwa magoli," msichana alijibu. "Atoke."

Fundi alitoka. Alipita kwenye mwanya wa ukuta mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyecheka tena.

*

Mechi aliisikia tu, akiwa nje amechuchumaa na mgongo ukutani. Zilipigwa kelele kubwa nne, na kwa ukuta huwezi kujua kelele ya nani. Mwishowe msusi alitokea mwanyani, amekauka koo.

"Mbili kwa moja. Tumepita. Yule wa akiba kafungwa moja halafu kadaka penalti akiwa kafumba macho." Akamtazama fundi kwa muda. "Wewe baba, ulinidhalilisha leo."

"Najua."

"Nilikusimamia mbele ya watu."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe Ijumaa," msusi alisema. "Ukiwa na karatasi."

Nyumbani Komeo hakumsemesha baba yake siku hiyo wala Jumapili. Hakumkosea heshima, aliweka maji ya kuoga, akaandaa chakula, akapokea mfuko wa vifaa. Ila maneno hakuna. Kwa mama yake ndiko alikokwenda, akaketi kwenye ukingo wa karo wakati wa kufua, akauliza vitu ambavyo mama alikuwa hajaulizwa na mtu yeyote kwa miaka mingi. Alikuwa mweusi au maji ya kunde? Alikuwa anatembea? Alikuwa anasema nini? Fundi alisikia kutoka chumbani. Alisikia mkewe akisema kwamba alikuwa anatembea, ila kwa kushika ukuta, na kwamba alikuwa anaogopa sana jogoo. Kisha akasikia mama na binti wanacheka, halafu hawacheki tena. Fundi alijilaza kifudifudi juu ya kitanda na viatu vyake miguuni.

Jumapili jioni alisimama mlangoni. "Kesho naenda ofisini," alisema, kwa wote na si kwa mtu mmoja. "Sijui kama nitaweza."

Komeo aliendelea kukunja shuka, ncha kwa ncha.

"Tunaondoka saa ngapi?" aliuliza.

*

Karani alikuwa yuleyule, na shali yake ileile.

"Umerudi," alisema. "Na mwenye cheti naye amerudi?"

Fundi alishika ukingo wa dirisha. Mkewe alikuwa upande wake wa kulia, binti kushoto. Nyuma yao watu kama kumi, mmoja anakula karanga.

"Nimekuja kuandikisha kifo," alisema. "Mwanangu amekufa. Alikufa zamani. Nilichelewa kuja."

Karani alimtazama, akamtazama na mama, kisha akainuka akazima feni, kana kwamba ndiyo iliyokuwa inaleta kelele. Akatoa daftari kubwa kutoka kabati la chini.

"Jina la marehemu?"

Fundi akalitaja. Mama akalirudia, polepole, ili liandikwe bila kosa. Karani akauliza tarehe, akauliza maradhi, akauliza nani alikuwepo. Kila jibu lilitoka kwa taabu na kila jibu liliandikwa. Ilikuwa kama kung'oa jino ambalo limeuma miaka mingi mpaka mtu akadhani ndivyo kinywa kilivyo. Watu wa nyuma hawakuguna. Mwenye karanga alikuwa ameacha kutafuna.

Wazazi wakatia saini. Karani akagonga muhuri, akafunga daftari lile, akafungua jingine.

"Haya. Sasa huyu. Tunamwandikisha kama aliyechelewa. Cheti chenyewe ni baada ya wiki nane, lakini barua ya kuthibitisha mnaondoka nayo leo." Akashika kalamu, macho kwa fundi. "Jina la mtoto?"

Fundi alifungua mdomo kulisema lile la shuleni, maana ndilo lililokuwepo.

"Hilo ni la dada," Komeo alisema.

Karani akainua kichwa.

"Hilo mwacheni nalo," msichana alisema. "Mimi niandike Komeo."

"Mwanangu, Komeo ni kitu cha mlangoni."

"Ndiyo. Ndilo ninaloitwa."

"Shuleni una jina jingine. Kwenye mitihani una jina jingine. Utahangaika na barua mwaka mzima, utaulizwa kila ofisi."

"Nitahangaika."

Mama alikuwa analia bila kujificha. Karani aliiweka kalamu chini, akamgeukia fundi, akangoja mtu mzima aseme neno la mwisho. Fundi alimtazama binti yake, naye kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alikuwa anamtazama.

"Umemsikia mwenyewe," baba alisema. "Andika."